Mangi, Manispaa na Mfongo

Ukishika barabara ya Himo kutoka kiplefti cha YMCA mjini Moshi, haichukui muda konda kugonga bodi la gari na kuuliza, "Kiboriloni wapo?" Ukishuka, mlima uko kushoto kwako, umefunikwa na migomba hadi macho yanapokoma. Kulia ardhi inateremka taratibu kuelekea Kahe na mashamba ya miwa ya TPC. Hapo ndipo inapochepuka barabara ya Kikarara, Tsuduni na Kidia, kilomita kumi na ushee za kona zinazopanda Old Moshi.

Siku ya gulio, magari aina ya Noah huteremka kwa barabara hiyo yakiwa yameinama kwa uzito. Juu ya keria imefungwa mikungu ya mshare. Ndani akina mama wamebanana na ndoo za parachichi na viroba vya magimbi. Hatua chache kutoka wanaposhushia, vijana wanakata mikanda ya belo la mitumba, wanamwaga nguo juu ya turubai na kuanza kuimba bei: jero, jero, buku. Mkusanya ushuru anapita na mashine yake ya risiti mkononi. Mama aliyeteremka na mikungu minne anafungua fundo la kanga, analipa, anapewa kikaratasi. Fedha hiyo ni ya Manispaa ya Moshi.

Lakini mkungu umekua kijijini, kwenye eneo la Halmashauri ya Wilaya ya Moshi. Barabara iliyouteremsha imekuwa ikionekana katika bajeti ya Wizara ya Ujenzi, si ya halmashauri yoyote kati ya hizo mbili. Nauli ya Noah iko chini ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Maji ya bomba la sokoni ni ya MUWSA, mamlaka ya maji ya mjini, ilhali mto unaoteremka bondeni unasimamiwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Na juu ya Manispaa na Halmashauri ya Wilaya kwa pamoja ameketi Mkuu wa Wilaya mmoja, ambaye hakuchaguliwa na upande wowote.

Mama wa ndizi hayajali sana hayo, maadamu mshare umetoka kabla jua halijakaza. Ila mtu akiuliza nani hasa anauongoza mji huu unaoanzia kwenye vihamba, mashamba ya nyumbani ya Wachagga, na kuishia kwenye mpunga wa Mabogini, jibu ni refu, na linaanza kabla mji haujakuwapo.

Wazungu wa kwanza kufika Kilimanjaro walikuta tawala thelathini na kitu zimepangana ubavuni mwa mlima: Machame, Kibosho, Uru, Moshi, Mbokomu, Kirua, Kilema, Marangu na nyinginezo hadi Rombo. Kila moja ilikuwa na Mangi wake, yaani chifu, na mara nyingi mpaka wake ulikuwa korongo la mto. Walipigana, wakatekana ng'ombe, wakaoana, wakapigana tena. Rindi wa Moshi, anayejulikana pia kwa jina la Mandara, na Sina wa Kibosho walikuwa mahasimu wakubwa wa zama zao.

Hata hivyo kulikuwa na kitu ambacho hakuna Mangi aliyeweza kukifanya cha kwake peke yake, nacho ni maji. Wachagga walichimba mifongo, mifereji inayochota maji ya mto juu kabisa karibu na msitu na kuyatembeza ubavuni mwa mlima, kilomita baada ya kilomita, hadi kwenye migomba, ulezi na mitungi ya watu. Mfongo una adabu zake. Kila mmoja ulikuwa na mzee wake, aliyetoka mara nyingi katika ukoo wa waliouchimba, na ndiye aliyejua zamu ya kila kihamba, mchana au usiku. Banio likibomoka, watumiaji wote waliitwa kazini. Aliyekosa bila sababu alitozwa, na faini ya mbege, pombe ya ndizi, ilinywewa hapohapo na waliofika.

Mfongo haukuuliza mpaka wa ukoo, wala mara nyingine mpaka wa Mangi. Aliye juu alikuwa na nguvu ya kumkaushia aliye chini, na aliye chini hakuwa na dawa ila mazungumzo, undugu wa ndoa na, yakimshinda, ugomvi. Kwa hiyo wazee walikutana. Wataalamu wa leo wangeliita jambo hilo ushirikiano wa serikali jirani, wakaliandikia warsha. Mlimani lilikuwa kikao cha maji chini ya mti.

Wajerumani waliingia na njia nyingine ya kuunganisha. Baada ya Rindi kufa mwaka 1891, mwanawe Meli alivishinda vikosi vyao mwaka 1892, kisha akashindwa mwaka uliofuata. Tarehe 2 Machi 1900 alinyongwa Old Moshi pamoja na wamangi na wazee wengine, wakituhumiwa kupanga njama dhidi ya utawala. Kwa tawala zilizobaki ujumbe ulieleweka: mwamuzi wa mambo ya majirani sasa anakaa bomani.

Boma lenyewe halikudumu mlimani. Reli kutoka Tanga ilifika mwaka 1911, na reli haipandi Kidia. Stesheni ilijengwa chini, kwenye tambarare yenye joto na mbu, mahali ambapo Wachagga wengi walikuwa wakilima msimu na kurudi kulala juu. Maduka yakafuata stesheni, Wahindi na Waswahili wakafuata maduka, maofisa wakafuata wote. Jina nalo likateremka. Moshi ikawa mji wa chini, na Moshi yenyewe, ile ya Rindi na Meli, ikabaki kuitwa Old Moshi, kana kwamba imestaafu.

Kiboriloni iko mguuni pa mteremko huo, njiani kati ya Moshi mbili. Mtu aliyetoka juu na ngozi, maziwa au ndizi alipita hapa. Aliyerudi na chumvi, sukari na kaniki alipita hapa pia. Wanawake wa Kichagga walikuwa na magulio yao kwa zamu ya siku tangu kale, mpaka mtu angeweza kutaja siku ya wiki kwa jina la soko. Soko la mguuni pa mlima lilikuwa la kutegemewa tu.

Waingereza waliochukua Moshi Machi 1916 waliutandika mteremko huo serikali mbili. Mji wa chini ulikuwa na mamlaka yake ya mji chini ya mkono wa ofisa wa wilaya, wenye viwanja vilivyopimwa na sheria za Kizungu za afya na ujenzi. Mlima ukabaki chini ya wamangi, waliotambuliwa kuwa watawala wa wenyeji, wenye mabaraza, mahakama na hazina. Mpaka kati ya serikali hizo ulikuwa wa kisheria zaidi kuliko wa kimaisha. Mchagga alishuka asubuhi akawa mtu wa mjini, jioni akapanda akawa mtu wa Mangi wake.

Kahawa ndiyo iliyoufanya utengano huo uonekane mwembamba. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama cha wapandaji kahawa wenyeji, KNPA, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichokusanya vyama vya msingi vya mlima mzima. Makao yake yalikuwa mjini, wanachama wake walikuwa vihambani. Mkulima wa Machame na wa Mwika, ambao babu zao walitekana ng'ombe, sasa walingoja malipo ya pili ya kahawa kwa hamu ileile na kumlalamikia karani yuleyule. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hakuna chombo kilichoufunga mlima na mji pamoja kwa nguvu kama hicho, na hakikuwa hata serikali.

Wamangi nao walikuwa wakikutana katika baraza la pamoja, lakini kila mmoja aliingia na utawala wake mfukoni. Shule ya kati ijengwe wapi? Barabara ya kuzunguka mlima itengenezwe na nani, wakati kila korongo ni mpaka? Mwaka 1946 Waingereza walijaribu suluhisho la ngazi. Juu ya wamangi waliwekwa wakubwa watatu walioitwa Waitori: Abdieli Shangali wa Machame akapewa Hai, Petro Itosi Marealle wa Marangu akapewa Vunjo, na John Maruma akapewa Rombo. Kwenye karatasi ulikuwa mpango mzuri. Kwa wananchi ulikuwa ngazi moja zaidi ya kupanda kabla shauri halijasikilizwa, na hakuna aliyewauliza.

Manung'uniko yakapata chama. Mwaka 1949 ukaanzishwa Umoja wa Raia wa Kichagga, KCCU, ukiongozwa na Petro Njau na Joseph Merinyo, mkongwe wa siasa za kahawa. Walitaka mkuu mmoja wa mlima wote, achaguliwe na watu. Mwaka 1951 wakapiga kura, na Thomas Marealle, mjukuu wa Marealle, Mangi wa Marangu aliyekuwa swahiba wa Wajerumani, akashinda. Alisimikwa Januari 1952 kuwa Mangi Mkuu.

Miaka minane iliyofuata ni ya ajabu. Bei ya kahawa ilikuwa juu na hazina ilikuwa na fedha. Mlima ukawa na bendera na sikukuu yake, na Baraza la Wachagga likapanga shule, barabara na zahanati za tawala zote kwenye meza moja. Mwaka 1957 Mangi Mkuu alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa mjini New York. Mtu akitafuta mfano wa serikali ndogo jirani zilizokubali kuweka chombo kimoja juu yao na kukipa mkuu wa kuchaguliwa, aanzie hapo.

Kulikuwa na ufa, na ulikuwa mji wenyewe. Moshi ya chini haikuwa ya Mangi Mkuu. Aliongoza mlima wote isipokuwa soko kuu lake, stesheni yake na mitaa ambamo vijana wake walikuwa wakihamia. Ufa wa pili ulikuwa wa kisiasa. Wasomi waliokuwa upande wa TANU waliona ufalme ukijengwa wakati nchi inajiandaa kuwa jamhuri. Chama cha Chagga Democratic Party kilianzishwa mwaka 1958, Solomon Eliufoo akiwa kiongozi wake. Mwaka 1960 wananchi walipiga kura na kuuondoa umangi mkuu. Baraza likapata rais wa kuchaguliwa, naye akawa Eliufoo.

Hata chombo hicho kilichotengenezwa upya hakikuishi. Uhuru ulileta halmashauri za wilaya badala ya tawala za jadi, na mwaka 1963 sheria ikaondoa nafasi ya uchifu nchi nzima. Baadaye kilichokuwa wilaya moja ya Kilimanjaro kikakatwa: Moshi, Hai, Rombo, na katika miaka ya 2000 Siha ikatoka ubavuni mwa Hai. Mtu aliyeshika ramani ya wamangi ya mwaka 1946 angetabasamu, maana Hai na Rombo zilirudi na majina yaleyale, na Vunjo ikapatikana kama jimbo la uchaguzi.

Kisha kikaja kiwembe. Julai 1972, kwa mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilivunjwa, na za miji hazikupona. Mambo yote yakaenda kwa wakurugenzi wa maendeleo waliotumwa kutoka serikali kuu. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa, KNCU ikiwamo. Ndani ya miaka minne mlima ulikuwa umepoteza meza zote mbili ambazo majirani walikuwa wakikalia pamoja. Mijini kote nchini taka zilirundikana, mifereji ikaziba, kipindupindu kikabisha hodi. Mwaka 1978 serikali ikakubali kurudisha halmashauri za miji kwa sheria ya muda; mwaka 1982 zikatungwa sheria mbili za kudumu, namba 7 ya wilaya na namba 8 ya miji, na mwaka 1984 halmashauri zikaanza tena kazi. KNCU nayo ikafufuliwa.

Ni katika miaka hiyo mibovu Kiboriloni ilipopata sifa. Duka la ushirika lilikuwa na rafu tupu, na mpaka wa Kenya pale Holili na Taveta uko karibu. Sabuni, mafuta ya kupikia, betri na vitenge vilipenya usiku na kuuzwa alfajiri. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoendesha msako wa wahujumu uchumi, masoko ya namna hii yalinywea. Mwaka uliofuata milango ya uagizaji ikaanza kufunguliwa, na mitumba ikaingia. Mtu wa Moshi mwenye umri wa kutosha atakuambia koti lake la kwanza la harusi lilitoka Kiboriloni.

Mji nao ulikuwa umeufikia mguu wa mlima. Kiboriloni leo ni mojawapo ya kata 21 za Manispaa. Ila ukiendelea kupanda kuelekea Kidia, kabla hujazima kiu, umeshatoka.

Mabadiliko yenyewe hayaonekani kwa macho. Migomba ni ileile na uzio ni uleule wa masale, yale majani marefu ambayo Wachagga hupanda kuonyesha mwisho wa kihamba, na ambayo pia mtu huyashika mkononi akienda kuomba radhi. Sheria ndiyo inayobadilika chini ya miguu. Upande wa chini kuna mtaa, na mwenyekiti wa mtaa hagawi ardhi. Viwanja viko chini ya Sheria ya Ardhi, namba 4 ya mwaka 1999, na kibali cha kujenga kinatoka Manispaa. Upande wa juu kuna kijiji na vitongoji vyake, na ardhi inaangukia Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka huohuo, inayosimamiwa na halmashauri ya kijiji. Ndugu wawili waliogawiwa kihamba kimoja na baba yao wanaweza kujikuta mmoja anamtafuta mpima ramani na mwingine anamtafuta mtendaji wa kijiji.

Manispaa ina kilomita za mraba zipatazo 59 tu. Katika sensa ya mwaka 2012 ilikuwa na watu 184,292. Katika ile ya 2022 walikuwa 221,733. Halmashauri ya Wilaya inayoizunguka kwa sehemu kubwa ina watu zaidi ya mara mbili ya hao, na wengi wao hula kwa mji: wanafanya kazi humo, wanauza humo, wanalaza wagonjwa wao hospitali ya KCMC. Ukisafiri kutoka Bomang'ombe, mji wa Wilaya ya Hai, kupitia Moshi hadi Himo, ambao ni mji mdogo ndani ya Halmashauri ya Wilaya ya Moshi, utapita kando ya nyumba na maduka sehemu kubwa ya safari. Huo ni mji mmoja mrefu wenye halmashauri tatu.

Je, halmashauri hizo hukutana? Sheria zote mbili za 1982 zinaruhusu halmashauri mbili au zaidi kuunda kamati ya pamoja kwa jambo linalozihusu. Ruhusa ipo. Lakini kamati ya pamoja inahitaji mfuko wa pamoja, na hapo ndipo kila mwenyekiti anapokumbuka ana wageni ofisini. Vikao vinavyowakutanisha kwa kweli ni vile vilivyowekwa na sheria ya tawala za mikoa ya mwaka 1997: kamati ya ushauri ya wilaya na ile ya mkoa. Humo wanakaa meya, wenyeviti, wabunge na wakurugenzi, wakiongozwa na wateule wa Rais. Kama majina yake yanavyosema, kamati hizo ni za ushauri.

Kwa hiyo kazi ya kuunganisha imechukuliwa na vyombo vya kazi moja moja. Bodi ya Bonde la Pangani ilianzishwa mwaka 1991, na makao yake yako Moshi. Ilikuwa na sababu: mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa msaada wa Japani katika miaka ya 1980, ulinywesha mpunga kwa maji ya mito ya Rau na Njoro, na watu wa juu walipoona mpunga unalipa, nao wakalima na kuchota kabla maji hayajafika chini. Ulikuwa ugomvi wa mfongo, safari hii wa ekari mamia. Bodi ikaja na vibali vya maji na ada. Mzee wa mfongo ambaye ukoo wake ulichimba mfereji kabla ya reli aliambiwa ajaze fomu.

MUWSA ilipata uhuru wa kujiendesha mwaka 1998, na mabomba yake yamevuka mpaka wa Manispaa na kuingia vijijini. Pale Uchira, njiani kwenda Himo, wananchi walikuwa na jumuiya yao ya watumia maji, na ilisifika. Mwaka 2017 TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ilizichukua barabara za mitaa na vijiji kutoka halmashauri zote nchini. Mwaka 2019 RUWASA, wakala wa maji vijijini, ikachukua kazi hiyo ya maji. Kila chombo kina injinia mzuri na ramani yake. Ramani hizo hazilingani, na diwani wa Kiboriloni akiulizwa na mpiga kura kuhusu shimo la barabarani, kazi yake kubwa ni kujua shimo hilo ni la nani.

Dar es Salaam ilijaribu njia nyingine. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa na kuwekwa tume iliyoongozwa na Charles Keenja. Tume ilipomaliza kazi mwaka 2000, jiji liligawanywa manispaa tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, na juu yao ikawekwa Halmashauri ya Jiji yenye madiwani waliotoka katika manispaa hizohizo. Kazi yake ilikuwa mambo ya wote: dampo la Pugu Kinyamwezi, stendi ya mabasi ya Ubungo, uratibu. Walikuwa Waitori kwa mtindo mpya. Udhaifu nao ulifanana: manispaa zilikuwa na ardhi na watu, jiji lilikuwa na joho na maegesho. Ubungo na Kigamboni zilipoongezwa zikawa manispaa tano. Tarehe 24 Februari 2021, siku alipofungua stendi mpya ya Mbezi Luis, Rais John Magufuli aliivunja Halmashauri ya Jiji, na Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Tangu hapo watu wa Temeke wanaishi Dar es Salaam bila kuishi katika Jiji la Dar es Salaam.

Majirani hawakufanya vizuri zaidi. Kenya iliunda wizara ya Nairobi na viunga vyake mwaka 2008, ikaiondoa mwaka 2013 kaunti zilipoanza. Uganda iliiweka Kampala chini ya mamlaka maalumu, KCCA, mwaka 2011, lakini Wakiso na Mukono, ambako wafanyakazi wengi wa Kampala hulala, zilibaki wilaya zinazojitegemea.

Moshi kwa miaka mingi imekuwa na ndoto ya kuwa jiji. Hoja ya madiwani ni nyepesi: eneo ni dogo, viwanja vimekwisha, mji wa kweli umeshavuka mpaka. Njia inayofuata ni kuchukua vijiji vya jirani, na ombi la namna hiyo hupita baraza la madiwani, kamati ya ushauri ya wilaya, ya mkoa, kisha TAMISEMI, ofisi ya serikali kuu inayosimamia serikali za mitaa. Ni njia ndefu, na majirani wako mezani. Halmashauri ya Wilaya ikitoa vijiji vyake vya tambarare inatoa magulio yake, mashamba yake na sehemu ya kura zake. Moshi ina majimbo matatu ya ubunge, Mjini, Vijijini na Vunjo, na mpaka wa kata ukisogea, hesabu ya mbunge nayo inasogea.

Vijijini hofu ni ya namna nyingine. Mchagga humzika mtu wake kihambani. Babu amelala pale kwenye migomba, bibi kando yake, na mtoto aliyefia Dar es Salaam au Mwanza husafirishwa usiku kucha aje alale nao. Desemba ikifika, familia nzima inapanda kuwasalimu. Mzee wa Mbokomu akisikia habari za upimaji, michoro ya mji na kodi ya majengo, huwaza kwanza kama makaburi yake yatakuwa kiwanja, barabara au hifadhi ya barabara. Mwanawe mwenye duka Kiboriloni, anayetaka hati ili akope benki, huwaza vingine kabisa. Wote wawili huzungumza habari ya udongo uleule, na Jumapili hula meza moja.

Saa kumi na moja jioni mitumba iliyobaki inakunjwa na kurudishwa kwenye viroba. Majani ya migomba, maganda, karatasi na mifuko vinafagiliwa kandokando. Moshi ina sifa ya usafi iliyoipatia tuzo mara nyingi, na Manispaa haifanyi mchezo nayo. Taka za mji huishia dampo la Kaloleni. Lori lake halipandi Kidia. Juu huko maganda humwagwa shinani mwa migomba yakawa mbolea, kama ilivyokuwa siku za Meli, isipokuwa mifuko ya nailoni, ambayo upepo wa jioni huiokota na kuibandika kwenye masale. Noah ya mwisho imejaa. Mama wa ndizi amenunua sukari kilo mbili, taa ya sola na sweta la mjukuu kutoka belo la asubuhi. Ameketi mlangoni, risiti ya Manispaa bado imekunjwa ndani ya fundo la kanga, na dereva anamwuliza kama ashushwe Kikarara au anafika Tsuduni.